Hoteli Hufungwa, Tumbo Halifungwi

Haya niliyasema Jumamosi moja mwezi wa tano hapa Malindi, kwenye kikao cha wafanyakazi wa hoteli waliopewa ofu ya kusi, miezi ya mvua hoteli zinapofungwa, nikieleza pesa ya asiye na kazi na haki tunazoweza kudai. Wengi hamkuweza kuja na tangu siku hiyo naulizwa njiani, sokoni, hata kwenye tuktuk, kwa hivyo nimeyaandika vile vile nilivyoyasema.

Assalaam aleikum. Bwana asifiwe. Hamjambo mama zangu, hamjambo ndugu zangu, na nyinyi vijana mliosimama mlangoni kule ingieni jamani, viti vipo.

Hebu angalieni huu ukumbi. Saa nne asubuhi, Jumamosi, umejaa. Kikao hiki ningekiita mwezi wa pili singepata hata watu kumi, maana mwezi wa pili kaskazi yavuma, wageni wamejaa, mtu aingia shifti saa kumi na mbili hajui atatoka saa ngapi. Sasa kusi imeingia, mvua zimepiga, mwani umejaa ufuoni, mto Sabaki unamwaga maji mekundu baharini, na mageti yamefungwa kuanzia Casuarina mpaka Watamu. Mwenye hoteli kafunga akaenda kwao. Na wewe uko kwenu tayari, huna pa kwenda, una watoto watatu na kitabu cha deni dukani.

Mimi kazi yangu ni kutandika vitanda. Nimetandika hapa Malindi miaka saba, halafu nikatandika Rimini, Italia, misimu sita. Nilienda kwa ndoa, ndoa ikaisha, mimi nikabaki na karatasi zangu za kukaa na mikono yangu. Nimewaambia hivi ili mjue siji hapa na mambo ya kuskia. Nakuja na mambo yaliyonipata mimi mwenyewe, mengine ya aibu, nitayasema yote.

Rimini ni mji wa bahari kama huu. Mahoteli mengi madogo madogo ya familia, nyota tatu, yamepangana barabarani kama maduka. Yafungua mwezi wa tano, yafunga mwezi wa tisa. Mwezi wa nane unasafisha vyumba kumi na nane kwa siku, mgongo unalia, afu tarehe 30 mwezi wa tisa bosi anakupa mkono, asante sana, tuonane mwakani. Yaani ni Malindi ile ile imegeuzwa tu, wao wafunga baridi ikianza sisi twafunga mvua ikianza. Mashuka ni yale yale, mito ni ile ile, na ile harufu ya jiki kwenye vidole usiku ni ile ile.

Tofauti nilikuja kuijua kwa kuchelewa.

Mwaka 2017, msimu wangu wa kwanza, kazi ilikwisha tarehe 30 mwezi wa tisa. Mwenzangu mmoja, mama wa Romania, akaniambia twende tukaombe pesa ya wasio na kazi, waitaliano waiita NASpI. Nikamwambia mimi siendi. Nilikuwa na akiba kidogo, na moyoni nikasema mimi si mwombaji, sijavuka bahari kuja kupanga foleni ya sadaka. Nililelewa hivyo, wengi wetu humu tumelelewa hivyo, mama yangu alikuwa akisema pesa usiyoitolea jasho haina baraka. Nikakaa. Nikatembea kutafuta kazi kila hoteli, zote zimefungwa, madirisha yameshushwa, ukungu umeshika mji mzima hata bahari huioni. Mwezi wa kumi ukapita, wa kumi na moja ukapita, akiba ikaisha, na nyumbani wanapiga simu wanangojea pesa ya karo na mimi nawaambia nitatuma wiki ijayo, najua sitatuma.

Tarehe 12 mwezi wa kumi na mbili njaa ikashinda haya, nikaenda. Yule dada wa ofisini akaangalia karatasi ya mwisho wa kazi, akahesabu kwa kidole kwenye kalenda ya ukutani, akaniangalia kwa huruma kweli kweli. Siku 68. Sheria yao yasema kuanzia siku kazi ilipoisha una siku 68 za kuomba, na zangu zilikwisha tarehe 7. Siku tano! Niliketi kwenye ngazi za lile jengo nikalia mpaka mlinzi akanitolea maji.

Kwa hivyo mkiniona napiga kelele na tarehe leo msinione nimezidi, mimi tarehe imenilaza njaa baridi nzima.

Mwaka wa pili, 2018, mkataba ulipokwisha sikungoja hata wiki. Nilienda kwenye ile ofisi waiitayo patronato, hizi ni ofisi za vyama vya wafanyakazi, kazi yao ni kukujazia maombi kwenye kompyuta uyatume serikalini, wala hawakulipishi. Nikabeba kila kitu, mkataba, peslipu zote, kitambulisho, namba ya benki. Na hapo ndo nikajua vile hiyo pesa inavyofanya kazi, na naomba mnisikilize kwa makini hapa maana hapa ndo pana kisa chote.

Hawaulizi kama wewe ni maskini. Hawaulizi una watoto wangapi. Hakuna barua ya chifu. Wanauliza vitu viwili tu. Ulitolewa au mkataba ulikwisha, au uliacha mwenyewe? Ukiacha mwenyewe kwa kupenda hupati, isipokuwa kwa sababu nzito kama bosi hakulipi mshahara. Na cha pili, ulichangiwa wiki ngapi? Lazima ziwe angalau 13 katika miaka minne iliyopita. Basi. Halafu wanakulipa kwa nusu ya wiki ulizofanya, na pesa yenyewe ni robo tatu ya wastani wa mshahara wako kama mshahara ni mdogo kama wangu, ukiwa mkubwa wana hesabu nyengine na kuna mwisho wake.

Sasa mimi nilifanya wiki 22 msimu wa pili, nikatarajia 11. Yule jamaa wa patronato akanionyesha kwenye kioo, zimo 44. Zile 22 za mwaka uliotangulia, ambazo mimi nilikuwa nimezililia kwenye ngazi, hazikuwa zimepotea, kwa sababu sikuzidai zilikuwa zimekaa pale pale zaningoja. Nikapata wiki 22. Miezi mitano na kitu. Wallahi nilimshika mkono yule bwana mpaka akaona haya.

Na ndo nikauliza, hii pesa yatoka wapi? Akanijibu kila mwezi bosi anailipia juu ya mshahara wako, 1.61%. Kwa hivyo wakati mimi natandika vitanda mwezi wa nane, kuna kitu kidogo kilikuwa chawekwa kando kwa sababu yangu, kwa sababu ya kazi yangu mimi, si ya mtu mwengine. Nilipompigia mama baadaye nilimweleza hivyo hivyo. Nikamwambia mama, hii nimeitolea jasho, ila jasho lilitoka mwezi wa nane na pesa imefika mwezi wa kumi na moja. Akanyamaza kidogo, akasema kama ni hivyo basi ni mshahara. Akaomba ya gesi.

Lakini msidhani unalipwa ulale, hapana. Ukishaomba, ndani ya siku 15 waenda ofisi ya ajira, unachukua kanamba, unangoja, mimi siku moja nilingoja masaa matatu na mtoto wa mtu analia pembeni. Unatia sahihi makubaliano kwamba uko tayari kufanya kazi na utatafuta. Wanakuuliza umeenda wapi, umepeleka barua wapi, wakikuita kwa kikao usipokuja bila sababu wanakata, wakikupa kazi inayokufaa ukakataa wanaondoa kabisa. Na pesa yenyewe haibaki pale pale. Wakati wangu ilikuwa kuanzia mwezi wa nne inashuka 3% kila mwezi, ili usijizoeshe. Kuna siku nilirudi kwenye ile ofisi nikiwa nimehojiwa mpaka najiona mwizi, kwa nini hukupiga simu hapa, kwa nini hukurudi pale, na Kiitaliano changu cha jikoni hakitoshi kujieleza. Iliniuma. Hata nchi iliyo na mfuko wa wasio na kazi inaweza kumtazama asiye na kazi kama mtu mwenye makosa, hilo nimeliona kwa macho, na likija huku tusilikubali.

Ila kuna kitu kimoja ile pesa ilinifanyia ambacho hakihesabiwi. Ilinipa nauli. Jamani kutafuta kazi kuna gharama, mwenye kazi hajui. Hapa Malindi ukitaka kuzunguka na bahasha yako kuanzia Maweni mpaka Watamu una matatu, una bodaboda, una kopi za vyeti, una kile cheti cha afya cha jikoni kimeisha muda lazima ulipie upya, una cheti cha polisi cha tabia njema, una bando za kutuma CV, una viatu, ndio, viatu, hakuna meneja atakupeleka mapokezi na soli imeachia. Mtu asiye na kitu huenda mara moja, mara mbili, afu anakaa nyumbani, na majirani wanasema mvivu. Si uvivu. Ni nauli. Mimi mwaka ule wa kwanza bila pesa nilikuwa nachukua chochote, siku moja niliosha vyombo masaa kumi nikalipwa nusu ya tulivyoelewana, ningemshtaki nani. Mwaka wa pili nikiwa na kile kidogo changu niliweza kukataa kazi ya gizani isiyo na karatasi, nikafuata kozi ya jikoni, nikapata mkataba wa miezi miwili kwenye mkahawa wa wafanyakazi. Nikaripoti kama inavyotakikana, pesa ikasimamishwa, mkataba ukaisha, ikaendelea palipobaki. Haikupotea hata senti.

Haya, nimerudi nyumbani sasa. Tuseme ya kwetu.

Kwetu hiyo hakuna. Nataka tuliseme wazi maana kuna mtu humu kaniuliza mlangoni eti NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii tunaokatwa, itamlipa hii miezi mitatu. Haitamlipa. NSSF yetu, kwa ile sheria ya 2013 ambayo makato yake tulianza kuyaona kwenye peslipu mwezi wa pili 2023, inakata 6% kwako na 6% kwa mwajiri, na inalipa mzee aliyestaafu, inalipa aliyelemaa asiweze tena kazi, inalipa watu wa marehemu. Ukitaka yako kabla ya kustaafu ni mpaka ufike miaka 50 uwe umeacha kazi. Wewe una miaka 31, hoteli imefungwa, hamna kitu.

Na si kwamba ni jambo la wazungu tu. Hapa jirani Tanzania wanalo, waliita fao la kukosa ajira. Aliyechangia miezi 18 na zaidi akaachishwa, si kujiachia, analipwa theluthi ya mshahara wake kwa miezi sita. Afrika Kusini mfanyakazi anakatwa 1% na mwajiri anatoa 1%. Na hapa kwetu katiba ya 2010, kifungu cha 43, yasema kila mtu ana haki ya hifadhi ya jamii. Imeandikwa kila mtu, hakuna mahali imeandikwa isipokuwa mtu wa hoteli mwezi wa tano.

Najua mtakasirika nikitaja kukatwa. Mwenye mshahara wa 20,000 leo anatoa 1,200 NSSF, 550 SHA ya matibabu, 300 mfuko wa nyumba, ni 2,050 zimekwenda hajanunua hata unga. Mimi pia nakasirika. Lakini angalia kitu kimoja, katika hizo zote hakuna hata shilingi moja inayorudi kwako siku geti likifungwa, na ile ya SHA ndo mbaya zaidi, mshahara ukisimama na makato yamesimama, na ugonjwa haungoji sizini, lazima ujilipie mwenyewe. Sasa chukua ile hesabu ya waitaliano, 1.61% ya 20,000. Ni 322. Sisemi 322 itatosha hapa, hiyo ni kazi ya wajuao hesabu wakae waipige. Nasema tu ukubwa wake muuone. Kilo mbili za sukari kwa mwezi, na mwenye hoteli ndo alipe. Mimi naamini vyama vyetu vya wafanyakazi vikikaa na wenye hoteli kwenye mapatano, hiki ni kitu cha kuwekwa mezani mwaka huu, na sisi ndo wa kuanza kukisema kwa sababu hakuna watu Kenya hii wanaojua tarehe ya kukosa kazi kama sisi. Mtu wa kiwandani anashtukizwa. Sisi twajua kabisa, Pasaka ikipita kwisha.

Kuna dada kauliza, na ni swali zuri, kama hakuna pesa ya kudai sasa tumeitiwa nini hapa.

Ipo ya kudai. Si ile, ni nyengine, na wengi wenu mnaiacha kwa haya ile ile iliyonilaza mimi njaa. Sheria ya ajira ya 2007. Ukipunguzwa kazi, si kwa kosa lako ni kwa sababu kazi hamna, ni lazima upewe notisi ya mwezi mmoja kwa maandishi na leba, yaani ofisi ya kazi ya serikali, waarifiwe, na chama chenu pia kama mko kwenye chama, na ulipwe siku 15 kwa kila mwaka kamili uliofanya, na siku za likizo ambazo hukwenda zilipwe taslimu. Mtu wa miaka minane ana siku 120 pale. Miezi minne ya mshahara! Na unaniambia umepewa mkono na kilo mbili za mchele ukasema alhamdulillahi ukaenda.

Kama ulitolewa ofu tu na utarudi, hayo ni mambo mengine, angalia mkataba wako unasema nini. Kama wakuandika miezi sita sita, mkataba ukiisha umeisha, hapo ngumu. Lakini kuna hawa waitwao kibarua, unalipwa kwa siku na unaenda kila siku miezi mitatu minne mfululizo, wewe kwa sheria, kifungu cha 37, si kibarua tena, una haki ya notisi na mengine, usikubali kuambiwa kwamba hukuandikwa popote. Na hata uliyefukuzwa kwa makosa una haki ya barua ya kuonyesha ulifanya kazi pale toka lini hadi lini, hiyo mwajiri hana hiari nayo.

Mimi kabla sijaenda Italia, hoteli moja hapa hapa, sitaitaja, ilinikata NSSF miaka miwili na haikuipeleka. Peslipu yaonyesha imekatwa. Nilikuja kujua nilipokwenda kuuliza, na peslipu nilikuwa nimezifungia mandazi, sikuwa na hata moja ya kuonyesha. Kwa hivyo Jumatatu nendeni Huduma Centre na kitambulisho, uliza steitimenti yako ya NSSF, hesabu miezi kwa kidole kama yule dada wa Rimini alivyohesabu. Mwezi uliokatwa na haupo, uandike. Peslipu usitupe, ikiwa ni meseji ya M-Pesa usifute, piga picha ya daftari la kusaini kama wanakuruhusu, weka mahali panya hafiki.

Mzee mmoja hapa mbele ananitikisia kichwa, najua anachofikiria, mwanangu ukiwashtaki mwakani hawakuiti. Baba yangu, hofu hiyo ni ya kweli, sitakudanganya. Kuna watu hawakuitwa tena. Ndo maana sisemi mtu mmoja aende peke yake na bahasha yake kama mimi na ile baridi yangu. Waliotoka hoteli moja waende pamoja, wakiwa na chama wapitie chama, na waanze kwa kuuliza kwa adabu kwa maandishi, wengine hulipa pale pale kwa sababu walikuwa wakingojea muulize.

Nimemaliza. Pale nyuma kwenye ile meza ya mahamri kuna kijana wangu ana karatasi na kalamu, mwandikie hoteli, siku ulioanza, siku uliotolewa, namba ya NSSF kama waijua. Asojua kuandika amwambie yeye ataandika, hakuna atakayecheka. Malalamiko ya kufukuzwa yanapelekwa leba ndani ya miezi mitatu. Waliofungiwa tarehe 30 mwezi wa nne, mwisho wenu ni tarehe 30 mwezi wa saba. Anzeni na waliokaa karibu na mlango, halafu safu hii ya kina mama, chai itawafuata mkiwa kwenye foleni.